Wajibu wa Benki kwa Jamii: Hisani, Uanuwai na Lugha ya Mkataba

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika miongo ya hivi karibuni, benki nyingi nchini Kenya zimeipamba milango yao kwa ahadi mbili: kwamba zinathamini uanuwai wa watu, na kwamba zinawajibika kwa jamii. Ahadi hizo hupatikana katika taarifa za kila mwaka, katika mabango ya barabarani na katika hafla za kukabidhi hundi. Makala haya yananuia kueleza maana ya ahadi hizo, historia yake katika mji wa Eldoret na kipimo kinachofaa kuzipimia. Hoja yetu ni kwamba kipimo cha kwanza hakimo katika hundi ya msaada, bali katika mkataba ambao mteja hutia sahihi. Mfano wetu ni Yamumbi, mojawapo ya viunga vya Eldoret.

Maana ya Dhana

Neno anuwai, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya aina nyingi. Uanuwai basi ni hali ya watu wa jinsia, makabila, dini, umri na maumbile mbalimbali kuwa pamoja. Hata hivyo, hali hiyo pekee haitoshi. Foleni ya benki yaweza kuwa na watu wa kila kabila, na bado baadhi yao wakaondoka bila kuhudumiwa ipasavyo. Hapo ndipo tunapohitaji istilahi ya pili, ujumuishi, yaani tendo la kuhakikisha kwamba waliopo wanashiriki kikamilifu.

Hali kadhalika, yafaa tutenganishe wajibu na hisani. Wajibu ni jambo ambalo mtu hudaiwa. Hisani ni wema anaoutenda zaidi ya anachodaiwa. Mwaka wa 1991, msomi wa Marekani Archie Carroll alieleza majukumu ya shirika kwa mfano wa piramidi yenye ngazi nne: kupata faida, kutii sheria, kutenda haki na, mwisho kabisa, kutoa hisani. Ni muhimu kutambua kwamba hisani iko kileleni, nayo hukaa juu ya ngazi nyingine. Benki inayosomesha yatima ilhali inamficha mteja gharama ya mkopo imejenga kilele pasipo msingi.

Kasha la Chuma la Eldoret

Historia ya benki mjini Eldoret huanza kwa kisa mashuhuri. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1912, Benki ya Standard ya Afrika Kusini ilipofika mahali palipojulikana kama Sixty-Four, yaani shamba nambari 64, kasha lake la kuhifadhia fedha lilidondoka kutoka kwenye gari la kukokotwa. Kwa kuwa lilikuwa zito mno kuinuliwa, kuta za benki zikajengwa kulizunguka hapo lilipoangukia.

Kuta hizo ziliwahudumia walowezi, wakiwamo Makaburu waliowasili katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka wa 1908. Mwafrika aliijua nyanda hiyo kama kibarua. Hakuruhusiwa kumiliki shamba katika eneo la walowezi. Na pasipo shamba, hakuwa na kitu cha kuweka rehani. Isitoshe, serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kudhibiti mikopo kwa Waafrika, kwa madai kwamba inawalinda dhidi ya madeni. Kwa hiyo, kutengwa na benki kulikuwa sehemu ya mpango wa utawala.

Baada ya uhuru, kuta zilianza kufunguka. Benki ya Ushirika, iliyotokana na vyama vya wakulima, ilianza kazi mwaka wa 1968. Mwaka wa 1970 serikali ilichukua asilimia 60 ya benki iliyopewa jina la Kenya Commercial Bank. Equity, iliyoanza mwaka wa 1984 huko Murang'a kama chama cha kukopesha fedha za ujenzi, ikawa benki kamili mwishoni mwa 2004. Kuanzia 2010, benki ziliruhusiwa kutumia mawakala, na duka la mtaani likawa kaunta.

Hisani Iliyotendwa

Haki yao tuwape: hisani ya benki imewafaa wengi. Standard Chartered, mrithi wa ile benki ya kasha la chuma, ilianzisha mwaka wa 2003 mpango wa kupambana na upofu unaozuilika, nazo mbio za marathoni za Nairobi zikasaidia kuuchangia. KCB iliunda wakfu wake mwaka wa 2007. Mpango wa Wings to Fly, ulioanzishwa na Equity pamoja na Wakfu wa Mastercard, umewalipia karo ya sekondari maelfu ya wanafunzi werevu kutoka jamaa maskini. Bila shaka baadhi ya wasomaji wa jarida hili wamefika chuoni kwa misaada ya aina hii.

Lugha Mbili za Benki

Pamoja na hayo, mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kukosa kuona jambo moja. Benki hutumia lugha mbili kwa kazi mbili. Inapomwita mteja, hutumia Kiswahili: M-Shwari mwaka wa 2012, Fuliza mwaka wa 2019, na majina kama KCB Mtaani na Co-op Kwa Jirani. Inapomfunga mteja kwa masharti, aghalabu hutumia Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Jirani wa kwenye bango hageuki kuwa jirani ndani ya mkataba.

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa fedha. Dai hilo halina mashiko. Riba, rehani, dhamana, amana, hawala, mdai na mdeni ni maneno ya wafanyabiashara wa pwani, ambayo yalikuwapo kabla ya benki yoyote kufika Mombasa. Hata noti za Kenya zilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1966 zilibeba maneno Banki Kuu ya Kenya. Fedha yenyewe inasema Kiswahili. Mkataba wa kuikopesha ndio ulionyamaza.

Sheria nayo iko wazi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Habari katika lugha asiyoielewa mteja haimnufaishi.

Kwa Nini Yamumbi

Katika Yamumbi suala hili ni zito kuliko usanifu wa lugha. Wakaazi wake ni wa jamii mbalimbali, na lugha inayowaunganisha sokoni ni Kiswahili. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliuawa na wengine kufurushwa katika viunga vya Eldoret. Hati za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ziliitaja Yamumbi pamoja na Huruma, Kiambaa, Kimumu na Langas. Kesi hiyo ilisitishwa mwaka wa 2016 pasipo mtu kupatikana na hatia.

Sasa tumfikirie mama mkulima wa mtaa kama huo, anayeweka hatimiliki ya nusu ekari kuwa dhamana ya mkopo. Akishindwa kulipa kwa sababu hakuelewa jinsi riba inavyopanda, shamba litapigwa mnada. Mahali ambapo ardhi imewahi kumwaga damu, mnunuzi wa shamba hilo hatatazamwa kama mnunuzi tu. Kabila lake litaulizwa kwanza. Tena, iwapo jirani wa kabila jingine alimdhamini bila kujua kwamba ng'ombe wake wangeweza kuchukuliwa, ujirani uliochukua miaka kurekebishwa utavunjika kwa karatasi moja. Kwa hivyo, mkataba unaoeleweka ni sehemu ya amani ya mtaa.

Kadhalika, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilizikataza taasisi za umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Benki ya kibinafsi inayojivunia uanuwai haina budi kujipima kwa mizani hiyo, ili mteja anapoingia tawini aone sura za mtaa wake na asikie lugha wanayoelewana nayo wote.

Hitimisho

Tumeona kwamba uanuwai pasipo ujumuishi ni foleni tu, na kwamba hisani haiwezi kusimama mahali pa wajibu. Benki ziendelee kulipa karo na kutibu macho, lakini zianze na mkataba wa Kiswahili, uliotafsiriwa kwa usahihi na kusomwa kwa sauti kabla ya sahihi. Kazi hiyo yahitaji watafsiri, na watafsiri ni sisi. Tusingoje kuitwa. Tuchukue fomu moja ya mkopo, tuitafsiri darasani, kisha tuwasomee wakaazi wa Yamumbi na kuwauliza wameelewa nini. Majibu yao yatatuonyesha ilipo kazi ya benki, na ilipo yetu.