Salamu Kwanza, Urafiki Baadaye: Mmarekani katika Nchi ya Wahungaria

Mmarekani ahamiaye Hungaria kwa ajili ya kazi, masomo au ndoa aghalabu hujitayarisha kwa taabu ya lugha, na katika hilo hakosei, kwa kuwa Kihungaria hakina udugu na Kijerumani, Kislovakia wala Kiromania, ambazo ni lugha za majirani zake, bali nasaba yake iko mbali upande wa kaskazini, pamoja na Kifini na Kiestonia. Lakini lugha, pamoja na ugumu wake wote, siyo imfedheheshayo mgeni, maana kila Mhungaria anajua kuwa lugha yake ni ngumu na humwia radhi yeyote ajaribuye kuisema. Kimtiacho mashakani ni mambo madogo ya kila siku ambayo hayakuandikwa katika hati ya ukaazi wala katika mkataba wa kazi, na ambayo mwenyeji mwenyewe huona taabu kuyaeleza, kwani aliyezaliwa ndani ya desturi haioni kuwa ni desturi.

Tuanze na jina. Katika nchi hiyo jina la ukoo hutangulia na jina la mtu mwenyewe hufuata. Hata yule mtunzi wa muziki ambaye ulimwengu humwita Béla Bartók, aliyehamia Marekani mwaka 1940 na kufariki mjini New York mwaka 1945, nyumbani kwao ni Bartók Béla. Tarehe nayo huanzia mwaka, ikashuka kwenye mwezi, ikaishia siku, ilhali Mmarekani hutanguliza mwezi, akafuatisha siku, na mwaka akauweka nyuma. Na anwani ya barua hutaja mji kwanza, ndipo njia na nambari ya nyumba. Mgeni asiyelijua hili hujaza hati mbele ya karani na kuliona jina lake la ubatizo limewekwa mahali pa ukoo, na kosa hilo likiisha kuingia katika daftari la serikali huwa kazi kubwa kulitoa. Kubwa hutangulia dogo, na la wengi hutangulia la mmoja. Sidai kwamba mpango wa maneno ndio uliozaa tabia za watu, maana dai kama hilo halina ushahidi; lakini atakayeiweka kaida hii akilini ataona kuwa hata maingiliano ya watu huenda kwa utaratibu unaofanana na huo, yaani kwanza huulizwa mahali pa mtu katika jamii, na baadaye ndipo aulizwapo mtu mwenyewe.

Utaratibu huo huonekana wazi katika maamkizi. Aingiaye duka dogo, au lifti ya jumba la kupanga, au chumba cha kungojea daktari, huwasalimu waliomo kwa Jó napot kívánok, ijapokuwa hamjui hata mmoja wao, na atokapo huwaaga kwa Viszontlátásra. Baada ya hapo hapana lazima ya maneno mengine, na wote hukaa kimya kwa amani. Mmarekani, aliyelelewa kuamini kwamba tabasamu ni salamu tosha, huingia akitabasamu, akaanza moja kwa moja kueleza haja yake, na hushangaa si kidogo kuona mwenye duka amemkunjia uso, asijue kwamba machoni pa mwenye duka yeye ndiye aliyeingia bila adabu. Kadhalika humwuliza mwenzake wa kazini habari za hali yake huku akipita, kama wafanyavyo kwao, naye Mhungaria, ambaye kwake swali ni swali, husimama akamweleza kwa insafu habari za mgongo unaouma na mama aliye hospitalini.

Kisha yako madaraja ya kumwita mtu. Rafiki, jamaa na mtoto huitwa kwa te. Mtu usiyemjua, au mkuu wa kazi, huitwa kwa Ön, neno la taadhima, au kwa maga, ambalo lina ukali wake na halifai kila mahali. Na mzee husemeshwa kwa mtindo wa pekee utumiao kitenzi tetszik, ambao kwao ni murua wa mtoto aliyelelewa vizuri. Watoto huwaamkia wanawake wazima kwa Csókolom, salamu iliyotokana na kubusu mkono, na msomaji aliyekulia kwenye shikamoo ataielewa bila kufundishwa. Kuhama kutoka Ön kuingia te si jambo la kujiamulia: mkubwa ndiye amkaribishaye mdogo, mwanamke ndiye amkaribishaye mwanamume, na mkuu ndiye amkaribishaye msaidizi wake. Vijana wa mjini siku hizi hawalishiki sana, nao huitana te tangu saa ya kwanza, lakini mbele ya watu wazima kaida hiyo ingali hai.

Hapa ndipo yalipo mafundo ya habari yote. Kwa Mhungaria salamu ni haki ya kila mtu, na urafiki ni amana ya wachache. Kwa Mmarekani uchangamfu wa kirafiki hutolewa kwa kila ajaye, na salamu yenye taratibu huonekana kama ukuta. Matokeo yake ni kwamba mmoja humdhania mwenzake kuwa baridi, na mwenzake humdhania yeye kuwa mnafiki, na dhana zote mbili ni hukumu za haraka. Atakaye kuona jinsi Wahungaria wasivyo watu wa kujitenga na aende katika hamamu la Széchenyi, lililofunguliwa Budapest mwaka 1913, ambamo wazee hucheza sataranji ndani ya maji ya moto, mabega na vichwa vikiwa nje hata siku ya theluji, na watazamaji wakiwazunguka kwa muda mrefu bila maneno mengi, kila mmoja akiridhika kuwa pamoja na wenziwe.

Sokoni mgeni hujifunza upesi zaidi, maana mizani haimwonei haya. Katika Soko Kuu la Fővám tér, lililofunguliwa mwaka 1897, mnunuzi wa jibini hasemi gramu mia mbili, wala nusu ratili kasoro kidogo kama asemavyo Mmarekani, bali husema húsz deka, yaani deka ishirini, kila deka ikiwa gramu kumi. Mwuzaji hukata kipande, akakitia katika mizani, akauliza kama yafaa ikizidi kidogo, na hangojei tabasamu, hungojea jibu. Bei iliyoandikwa ndiyo ilipwayo, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huko ni 27 kwa mia na ni ya juu kuliko ya nchi yoyote nyingine ya Umoja wa Ulaya, imekwisha kutiwa ndani yake, ilhali Mmarekani katika majimbo mengi ya kwao amezoea kuiona kodi ikiongezwa mwishoni, fedha ikiwa mkononi. Hungaria iliingia katika Umoja huo mwaka 2004 lakini haikuiacha forinti yake, sarafu iliyozaliwa tarehe 1 Agosti 1946 baada ya pengő kuangamia katika mfumko wa bei ambao haujapata kuwa na mfano duniani. Na tangu sarafu za forinti 1 na 2 zilipoondolewa mwaka 2008, alipaye kwa fedha taslimu huzungushiwa hesabu yake mpaka iishie na 0 au 5.

Palipo hatari ni mkahawani. Tuseme chakula kimegharimu forinti 4,600, na mgeni ametoa noti ya 10,000. Mwenyeji hutaja kiasi atakacho kulipa pamoja na bakshishi, yaani husema elfu tano, na mhudumu humrudishia elfu tano. Mgeni asiyejua hunyosha noti yake na kusema köszönöm, yaani asante, kwa adabu tu. Naye mhudumu huifahamu shukrani hiyo kuwa ni ruhusa ya kubaki na chenji yote, akashukuru kwa dhati, akaenda zake. Hapo hakuna aliyeibiwa. Imefuatwa desturi, na dawa yake ni kutaja kiasi kwanza, kushukuru baadaye.

Akialikwa nyumbani, Mmarekani huvua viatu kizingitini na kupewa sapatu za ndani, jambo ambalo msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa. Maua huletwa kwa hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Chakula kikubwa, hasa siku ya Jumapili, ni cha mchana, nacho hufunguliwa kwa supu. Na hapa mgeni hukutana na gulyás, ambayo kwao aliijua kuwa ni makaroni na nyama ya kusaga katika nyanya, ilhali kwa wenyewe ni supu ya nyama ya ng'ombe, vitunguu na unga mwekundu wa paprika, mmea uliotoka bara la Amerika na kufika Hungaria katika enzi ya Waturuki, waliokuwa wameishika Buda tangu 1541 hadi 1686. Kwa bilauri za mvinyo watu hutakiana afya na kuzigonganisha wakitazamana machoni. Kwa bia wako wasiofanya hivyo mpaka leo, kwani husimuliwa kwamba tarehe 6 Oktoba 1849, majemadari 13 wa Hungaria waliponyongwa na kupigwa risasi mjini Arad, maofisa wa Austria waligonganisha bilauri za bia kwa furaha, na Wahungaria wakaapa kutofanya hivyo kwa miaka 150. Muda huo ulikwisha mwaka 1999. Kama kisa hicho kilitukia hivyo au kilizuka baadaye, majemadari wale waliuawa kweli, na mgeni mwenye staha huiacha bilauri yake ya bia mezani mpaka aone wenyeji wafanyavyo.

Historia huko haiko vitabuni tu. Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 uliinyang'anya nchi hiyo takriban thuluthi mbili za ardhi yake, na mwaka 1956 watu wapatao 200,000 walikimbia baada ya mapinduzi yao kuzimwa na majeshi ya Kisovieti, nao msaada uliotarajiwa kutoka nchi za Magharibi haukuja. Mmarekani akiketi na mzee ataambiwa hayo, na ni vyema asikilize pasipo kujitetea. Lakini ataambiwa pia habari za Jenerali Harry Hill Bandholtz, Mmarekani aliyewazuia askari wa Romania kuchukua hazina za Makumbusho ya Taifa mwaka 1919, ambaye sanamu yake imesimama katika uwanja wa Szabadság tér mjini Budapest. Na za Kardinali Mindszenty wa Kanisa Katoliki la Hungaria, aliyepewa hifadhi katika ubalozi wa Marekani kwenye uwanja huohuo kwa miaka 15, tangu 1956 hadi 1971.

Msimu wa kupwekeka kwa mgeni ni Krismasi. Mmarekani hufungua zawadi asubuhi ya tarehe 25, bali Mhungaria hufanya sherehe jioni ya tarehe 24, ambapo watoto huambiwa kuwa mti na zawadi vimeletwa na Mtoto Yesu. Maduka hufungwa mapema, barabara huwa tupu, na kila mtu hujifungia na jamaa zake. Na kwa kuwa upweke huo haumchagui Mmarekani peke yake, nawasihi vijana wa Kenya waendao huko kwa ufadhili wa Stipendium Hungaricum, ulioanzishwa na serikali ya Hungaria mwaka 2013, wasiingoje jioni hiyo ndipo watafute watu wa kuwajua. Waanze kusalimu kwenye ngazi za jumba tangu mwezi wa Septemba, kila siku, hata wasipojibiwa kwa uchangamfu, na mwenyeji akiwaalika kwake wakati wa sikukuu, waende.