Kumwuliza Njia Mwingereza

Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Lakini mtu aweza kuuliza, akajibiwa kweli tupu, na bado akapotea. Jambo hili huwapata wasafiri wa Afrika ya Mashariki wafikapo Uingereza, wala si kwa kuwa hawajui Kiingereza. Wengi wamekisoma shuleni miaka mingi. Sababu ni kwamba maneno yao ni ya Kiingereza, lakini swali lenyewe limebaki la Kiswahili.

Mfano mzuri ni mji wa London. Treni zake za chini ya ardhi zilianza kazi mwaka 1863, nazo ndizo za kwanza duniani. Njia iitwayo Piccadilly ilifikishwa kiwanja cha ndege cha Heathrow mwaka 1977. Lakini si kila treni ya njia hiyo iendayo magharibi hufika huko. Katika stesheni ya Acton Town njia hugawanyika: baadhi ya treni hushika njia ya Heathrow, na nyingine huelekea upande wa Uxbridge. Hata zile za Heathrow huachana tena baada ya Hatton Cross. Nyingine hupitia Terminal 4, na nyingine huendelea mpaka Terminal 5.

Basi, na tuseme msafiri amesimama King's Cross na mizigo yake. Treni yaja, naye ana shaka. Amwuliza mtu aliye karibu: "This train doesn't go to Heathrow?" Yule ajibu, "No." Msafiri apanda kwa furaha, kumbe amepanda treni ya Uxbridge!

Kosa ni la nani? Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa, "Treni hii haiendi Heathrow?" naye ikiwa kweli haiendi, hujibu, "Ndiyo, haiendi." Akisema "Hapana," msikilizaji hudhani kuwa treni yaenda. Mwingereza hafuati maneno ya swali, bali hufuata jambo lenyewe: treni haiendi, kwa hiyo jibu ni "No." Kila mmoja amesema kweli kwa desturi ya lugha yake, lakini ndege haimngojei mtu.

Dawa yake ni kutouliza kwa kukanusha. Yafaa kusema: "Does this train go to Terminal 5?" Katika Kiswahili sauti tu yatosha kuligeuza neno kuwa swali; katika Kiingereza hutangulizwa "does." Lililo bora zaidi ni hili: "Which train goes to Terminal 5?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa "yes" ya adabu tu, mwenye kujibu hana budi kuitaja treni. Kisha aulize, "Where do I change?" Hapa "change" si chenji ya fedha, bali ni kushuka treni moja na kupanda nyingine.

Majina nayo yatajwe kamili. Mtu akiuliza Victoria, aweza kuelekezwa kwenye stesheni ya reli, ambayo chini yake mna stesheni ya treni za chini ya ardhi. Lakini mabasi ya safari za mbali, ambayo Waingereza huyaita "coach," yana kituo chao mbali kidogo, kilichofunguliwa mwaka 1932. Basi atafutaye mabasi hayo na aseme "Victoria Coach Station."

Mwisho ni adabu. Kwetu mtu huanza kwa salamu na kuulizana hali. Katika barabara za London mgeni huanza kwa "Excuse me," na hiyo yatosha. "I want to go to Victoria" husikika kama amri, "Could you tell me where the bus stop is, please?" husikika kama ombi. Tena, katika swali hilo "is" hukaa baada ya jina la kituo, si kabla yake.

Na msafiri akisha kujibiwa, ayarudie aliyoambiwa: "So I change at Acton Town?" Akiwa amekosea, atasahihishwa palepale, kabla milango ya treni haijafungwa.