Kosa Dogo Katika Barua za Kiingereza

Wako watu wengi waliojifunza Kiingereza kwa bidii, na barua zao ni safi, lakini huteleza wafikapo kwenye maneno machache yaelezayo jinsi kitu kionekanavyo. Maneno hayo ni "seem", "appear", "look", "sound", "smell", "taste" na "feel". Kosa lenyewe ni dogo, mara nyingi ni herufi mbili tu mwishoni mwa neno; lakini laweza kugeuza maana ya habari nzima.

Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba kitenzi hufuatana na kielezi, yaani neno lielezalo jinsi jambo litendwavyo. Mtu hutembea "slowly", na hufanya kazi "carefully". Lakini vitenzi saba hivi, vitumikapo kwa maana ya kuonekana, havitaji kazi ifanywayo na mtu. Vyataja hali yake tu, kama wengine waionavyo, waisikiavyo au waionjavyo. Kwa hiyo hufuatwa na kivumishi, ndilo neno la sifa. Chai "tastes sweet", wala si "sweetly". Habari "sounds strange", wala si "strangely".

Katika jambo hili Kiswahili ni msaada, tena ni mtego. Husemwa "mahindi yaonekana mazuri", maana yake ni mahindi yenye afya. Husemwa pia "mahindi yaonekana vizuri", maana yake hayakufichwa na kitu, jicho layafikia. Aijuaye tofauti hiyo amekwisha kuielewa kanuni ya Kiingereza. Lakini husemwa vile vile "maziwa yananuka vibaya" na "najisikia vibaya", na hapo ndipo mtu huandika "The milk smells badly". Mwingereza akisoma "The dog smells badly" aweza kucheka, kwa kuwa maneno hayo yasema pua ya mbwa ni mbovu, hawezi kufuata harufu. Mbwa ahitajiye kuogeshwa "smells bad".

Lakini si kila kosa ni la kuchekesha. Tuseme karani aandika taarifa ya shauri la mpaka wa shamba. Akiandika "The old man looked angry", asema mzee alionekana ana hasira, basi. Akiandika "The old man looked angrily at his neighbour", asema mzee alimkazia jirani yake macho kwa ukali. La kwanza ni hali. La pili ni tendo, na mzee aweza kuulizwa kwa nini alilitenda. Vivyo hivyo shahidi aliyeonekana mtulivu "appeared calm"; lakini "appeared calmly" ni kusema kwamba alitokea mbele ya watu kwa utulivu. Taarifa kama hiyo husomwa na watu ambao hawakuwapo siku ile, nao hawana lingine la kutegemea ila maneno ya karani.

Iko njia rahisi ya kujipima. Ondoa kitenzi, uweke "is" au "was" mahali pake. "The milk is sour" ni maneno yenye maana; basi "The milk smells sour" ni sawa. Lakini katika "The doctor felt the leg gently", ukiweka "was" maneno yaharibika kabisa, kwa maana daktari si mguu. Hapo pana kazi ya mkono, na kielezi ndicho kifaacho.

Yafaa kukumbuka mambo mawili zaidi. "She looks well" si kosa, kwani "well" hapo ni kivumishi, maana yake ni mzima wa afya. Tena si kila neno liishalo kwa "ly" ni kielezi: "friendly" ni sifa ya mtu, na "He seems friendly" ni Kiingereza safi.

Mwandishi mwenye kujiuliza kwanza, "Je, hii ni hali au ni kazi?" hatapotea.