Kipimo cha Kaswende Kikisema "Chanya": Jibu Linasema Nini, na Halisemi Nini

Mama mwenye mimba ya miezi mitano aliingia katika chumba cha ushauri akiwa ameshika kadi yake ya kliniki, mumewe akimfuata nyuma. Waliacha kiti kitupu kati yao. Katika kadi ya mama, mbele ya neno kaswende, paliandikwa "chanya". Karatasi ya mume ilisema "hasi". Nilipowakaribisha, mume alisema, "Daktari, karatasi imeshasema yote."

Karatasi haikuwa imesema yote. Ilikuwa imejibu swali moja tu, naye alikuwa ameisoma kana kwamba imejibu manne: Je, mwili uliwahi kukutana na vimelea vya kaswende? Je, vimelea hivyo bado vimo na vinaendelea kudhuru? Viliingia lini? Vililetwa na nani? Makala haya yanaeleza ni lipi kati ya maswali hayo linaloweza kujibiwa na maabara, na kwa kipimo kipi. Ndoa huvunjika, na watoto hupotea, kwa sababu ya kuyachanganya.

Kipimo cha haraka: ushahidi wa kovu

Katika kliniki nyingi za wajawazito, tone la damu kutoka kidoleni hupimwa kwa kifaa kidogo kinachotoa jibu katika muda wa dakika chache, mara nyingi pamoja na kipimo cha VVU. Kifaa hicho hakitafuti vimelea vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya bakteria aitwaye *Treponema pallidum*.

Kwa watu wengi, kingamwili hizo hubaki katika damu maisha yote, hata baada ya tiba kamili. Ni kama kovu: linathibitisha kwamba palikuwa na jeraha, lakini halisemi lilipatikana mwaka gani wala kama bado linauma. Mwanamke aliyetibiwa vema katika mimba yake ya kwanza anaweza kuonyesha "chanya" katika mimba ya pili na ya tatu bila ya kuambukizwa upya. Vilevile, mzee aliyeugua buba utotoni anaweza kuonyesha jibu hilohilo, kwa kuwa vimelea vya buba na vya kaswende ni ndugu wa karibu na kipimo hakiwatofautishi.

RPR: kipimo cha moto unaowaka

Swali la pili, yaani kama ugonjwa bado ni hai, hujibiwa vizuri zaidi na kipimo cha RPR. Hiki hupima kingamwili za aina nyingine, ambazo hupanda ugonjwa unapokuwa hai na kushuka baada ya tiba. Mtaalamu wa maabara huzimua majimaji ya damu hatua kwa hatua, kila hatua kwa nusu, kisha huandika hatua ya mwisho ambayo kipimo bado kinaonyesha dalili: 1:2, 1:4, 1:8, 1:16 na kuendelea. Tarakimu ya pili ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi zaidi.

Mabadiliko ya hatua moja, kwa mfano kutoka 1:8 hadi 1:4, hayana uzito, kwani yanaweza kutokana na tofauti za kawaida za upimaji. Yanayohesabiwa ni mabadiliko ya hatua mbili au zaidi. Kushuka kutoka 1:32 hadi 1:8 ni dalili kwamba tiba imefanya kazi. Kupanda kutoka 1:4 hadi 1:16 kunatia shaka ya maambukizi mapya au tiba iliyoshindwa. Ulinganisho huu una maana pale tu aina ya kipimo ni ileile, na ikiwezekana maabara iwe ileile.

RPR nayo ina udhaifu wake. Malaria, magonjwa ya kinga ya mwili na hata mimba yenyewe vinaweza kuleta chanya isiyo ya kweli, kwa kawaida ya kiwango cha chini. Wapo pia waliotibiwa kikamilifu ambao RPR yao hubaki chini, kama 1:2, kwa miaka mingi.

"Hasi" nayo ina mipaka

Baada ya kuambukizwa, kidonda cha kwanza hutokea kwa wastani wa wiki tatu, ingawa kinaweza kuwahi siku ya kumi au kuchelewa hadi siku ya tisini. Kwa kawaida hakiumi, na kikiwa ndani ya uke, kwenye njia ya haja kubwa au mdomoni, mtu hukipata na kupona bila ya kujua. Kingamwili huonekana wiki moja hadi nne baada ya kidonda hicho. Katika siku hizo za ukimya, mtu anaweza kuwa na vimelea, akaweza kuambukiza, na kipimo kikasema "hasi". Kwa hiyo aliyekuwa katika hatari hivi karibuni apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Jibu moja, uzito tofauti

Uaminifu wa jibu hutegemea pia ni nani anayepimwa. Tuchukue mfano wa kubuni: kipimo kinachogundua watu 90 kati ya 100 wenye maambukizi, na kinachokosea kwa mtu 1 kati ya 100 wasio nayo. Tukipima watu 1,000 ambao 20 kati yao wana maambukizi, tutapata chanya 18 za kweli na takriban 10 zisizo za kweli. Tukipima watu 1,000 ambao 200 wana maambukizi, tutapata chanya 180 za kweli na 8 tu zisizo za kweli. Kifaa ni kilekile, lakini katika kundi la kwanza zaidi ya theluthi moja ya chanya ni kosa. Ndiyo maana mtoa huduma huuliza maswali kabla ya kutafsiri jibu. Hafanyi upelelezi, anatafuta uzito wa jibu.

Kwa nini mjamzito hasubiri

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa chanya yaweza kuwa kovu tu, kwa nini mjamzito hupewa sindano siku ileile? Jibu limo katika mizani ya madhara. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito wenye kaswende hai ya kiwango cha juu ambao hawakutibiwa, takriban mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Watafiti haohao walionyesha kwamba waliogunduliwa mapema na kupata dozi moja ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, walikuwa na matokeo ya uzazi yanayolingana na ya wanawake wasio na kaswende.

Sindano isiyohitajika huleta maumivu ya siku moja au mbili, na kwa nadra mzio, ambao mtoa huduma hujiandaa kuukabili. Sindano iliyokosekana huweza kugharimu uhai wa mtoto. Kwa hiyo mjamzito mwenye kipimo cha haraka chanya, asiye na kumbukumbu ya tiba kamili, aanze tiba siku hiyo. RPR ifuate, isitangulie. Ikiwa muda wa maambukizi haujulikani, dozi hurudiwa kila wiki kwa wiki tatu. Homa na maumivu ya mwili katika saa 24 za kwanza baada ya sindano mara nyingi hutokana na kufa kwa vimelea. Hata hivyo mjamzito akiyapata, au akihisi uchungu au mtoto kupunguza kucheza, arudi kituoni mara moja.

Nani anaweza kumwambukiza nani

Kwa njia ya ngono, kaswende huambukiza zaidi katika hatua za mwanzo, wakati wa vidonda na vipele. Kadiri miaka inavyopita, uwezo huo hupungua sana, ilhali mama bado anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Hii ndiyo sababu mke anaweza kuwa chanya na mume hasi, au kinyume chake, bila ya jibu lolote kuwa la uongo. Ugonjwa hauenezwi kwa choo, vyombo wala nguo. Kuugua na kupona hakuleti kinga. Mwenza asipotibiwa, aliyepona huweza kuambukizwa tena. Kondomu hupunguza hatari, lakini haifuniki kila mahali penye kidonda. Wawili hao wajizuie kujamiiana hadi tiba ya wote ikamilike na vidonda, kama vipo, vipone. Wapime pia VVU, kwa kuwa vidonda hivyo hurahisisha maambukizi yake.

Kwa watoa huduma

Neno "chanya" peke yake kwenye kadi halitoshi. Andikeni aina ya kipimo, tarehe, kiwango cha RPR kama kipo, dozi iliyotolewa na tarehe yake. Kadi iliyojazwa hivyo itamwokoa mama huyo na maelezo ya upya katika kila mimba. Baada ya tiba, msirudie kipimo cha haraka kutafuta uponyaji, hakitauonyesha. Na jibu litolewe kwanza kwa mwenyewe, faraghani, kabla ya mwenza kuitwa kwa ridhaa yake.

Turudi kwa wale wawili

RPR ya mama ilikuwa 1:16. Hakukumbuka kidonda chochote, wala hakuwahi kutibiwa. Alipata sindano tatu, mumewe naye akatibiwa, kwa kuwa "hasi" yake haikutosha kumwondoa katika hatari. Aliniuliza tena: "Sasa ulitoka wapi, Daktari?" Nilimjibu kwamba hakuna maabara duniani inayoweza kujibu swali hilo, na kwamba mtu akidai karatasi imelijibu, ameongeza maneno yake mwenyewe. Lililokuwa mikononi mwetu ni swali jingine: mtoto atazaliwaje?

Katika ziara ya tatu waliketi viti vinavyofuatana. Mtoto alizaliwa miezi mitatu baadaye, akachunguzwa na kupimwa damu kama inavyotakiwa, na hakuonyesha dalili za ugonjwa. Miezi sita baada ya tiba, RPR ya mama ilikuwa 1:4. Kipimo chake cha haraka bado ni chanya, na huenda kitabaki hivyo maishani. Safari hii mumewe anajua maana yake.