Kuchagua Mbegu za Mboga katika Maeneo Yenye Mvua Haba

Kabla ya kuvutiwa na picha iliyo kwenye pakiti, mnunuzi wa mbegu hana budi kuuliza: aina hii ilizalishwa kwa ajili ya hali ya hewa ya mahali gani? Mkoani Dodoma, ambako mvua huanza Desemba na kukoma Aprili, nazo ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, jibu la swali hilo huweza kuokoa msimu mzima.

Kitunguu maji ni mfano ulio wazi. Mmea huu hujaza kitunguu pale tu mchana unapofikia urefu fulani. Aina za Ulaya ya kaskazini huhitaji mchana wa saa 14 au zaidi, ilhali Dodoma mchana haufiki saa 13 katika mwezi wowote. Mkulima atakayezipanda atapalilia na kumwagilia kwa miezi kadhaa, kisha atang'oa majani mengi na shingo nene pasipo kitunguu. Mbegu hiyo si bandia. Imeuzwa mahali pasipoifaa. Aina kama Red Bombay na Mang'ola Red hujaza vizuri katika mchana mfupi wa kwetu.

Kwa mboga za majani, mgagani, mlenda na kunde huvumilia ukame kuliko kabichi, nazo hazistahili dharau zinayopewa.

Mbegu za kienyeji zaweza kutunzwa kutoka mavuno ya mimea iliyostahimili jua. Mbegu chotara hazifai kutunzwa hivyo, kwa kuwa kizazi chake cha pili hutoka mchanganyiko. Muuzaji anayesema vinginevyo asisadikiwe.

Dukani, hakikisha pakiti imefungwa, ina lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na muda wake haujapita. Mbegu ya kitunguu hupoteza uhai upesi, hasa ikikaa juani au katika pakiti iliyofunguliwa. Funga mbegu 20 katika kitambaa kibichi kwa siku 10. Ikiwa nusu yake hazikuchipua, usizisie kitaluni bali zirejeshe dukani. Stakabadhi na pakiti tupu zitunzwe hadi mavuno, kwani bila hivyo malalamiko ni vigumu kuthibitishwa.