Uwanja na Ukumbi Navyo ni Karakana

Zinapotajwa Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, wengi wetu wa visiwani hukumbuka korosho na ufuta, na siku hizi madini ya kinywe. Ni wachache wanaokumbuka kwamba huko pia vipo vyuo: Chuo cha Ualimu Nachingwea, na chuo cha ufundi stadi cha VETA wilayani Ruangwa. Hivyo si vyuo vikuu. Ni vyuo vinavyomwandaa kijana kwa kazi maalumu, ili akihitimu aende akaifanye. Kwa ajili hiyo tukivizungumzia hutaja madarasa, vifaa na idadi ya wahitimu, na yale ambayo mwanachuo huyafanya baada ya saa kumi jioni tukayaacha kana kwamba ni anasa.

Sisi twaona hapo ndipo tunapokosea.

Mtazame mwalimu. Kazi atakayokabidhiwa haiishii ubaoni. Atapangiwa shule ya kijijini, na kabla muhula haujakwisha mwalimu mkuu atamtaka awanoe watoto kwa ajili ya UMITASHUMTA, au UMISSETA iwapo shule ni ya sekondari. Atatakiwa aunde kwaya ya kuwapokea wageni, asimamie mdahalo, aamue mchezo wa netiboli mbele ya wazazi wenye kelele. Hayo atajifunza wapi, kama si katika uwanja wa chuo, katika kwaya ya chuo, na katika mashindano ya UMISAVUTA yanayovikutanisha vyuo vya ualimu kwa michezo na sanaa? Mwalimu aliyepita chuoni bila kushika filimbi hata siku moja atawatupia watoto mpira wajichezee wenyewe, naye akae chini ya mkorosho akisubiri kengele.

Fundi naye ni vivyo hivyo. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa serikali ya wanafunzi, akasimamishwa mbele ya wenzake kueleza fedha za sare zilivyotumika, amepata funzo ambalo mashine ya kuranda mbao haimpi.

Nachingwea yenyewe ina historia ya kutufundisha katika jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na kujenga reli kutoka pwani. Walihesabu mashine na ekari, wakasahau kuuliza udongo na mvua. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na reli ikafungwa miaka ya 1960. Lakini toka mwaka 1965 palikuwapo hapo kambi ya FRELIMO, chini ya uongozi wa Samora Machel. Vijana walifika kutoka majimbo mbalimbali ya Msumbiji, wengine hawakuelewana hata kwa lugha. Walifunzwa bunduki, walilima, walijifunza kusoma na kuandika, na walicheza ngoma. Wa kusini walijifunza ngoma za Wamakonde, wa kaskazini wakaimba nyimbo za kusini, na viongozi wao waliihesabu ngoma hiyo kuwa sehemu ya mafunzo, kwani ndiyo iliyowafanya wawe watu wa nchi moja. Hatusemi kwamba kila lililotendeka kambini humo lastahili kuigwa. Mwaka 1975 ni humo humo wapinzani wa chama hicho walikolazimishwa kukiri makosa hadharani. Lakini katika hili la ngoma waliona mbali.

Ruangwa nayo, ijapokuwa si mji mkubwa, ilishangaza wengi pale timu yake ya Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka 2020 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1. Katika mji wenye mori wa mpira namna hiyo, mwanachuo aliyetoka mkoa wa mbali akiingia uwanjani jioni moja tu huwa amekwisha kuwa mwenyeji.

Haya yanatuhusu sisi wa visiwani pia, kwani nasi tuna mafunzo ya amali Mkokotoni na Vitongoji, na walimu wetu wamefunzwa Beit-el-Raas kwa vizazi. Tumezoea kuona, huku na kule, michoro ya chuo ikipitishwa pamoja na ukumbi, uwanja na mabweni; fedha zikipungua, hivyo vitatu ndivyo husubirishwa. Matokeo yake ni kijana kupanga chumba mtaani, peke yake, jioni haina mdahalo wala mazoezi. Kwa msichana wa miaka kumi na minane, aliye mbali na wazazi wake, anayedaiwa kodi na mwenye nyumba, jioni kama hiyo si jambo la mzaha. Wapo wasiorudi kumaliza masomo kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wanaohusika na bajeti za vyuo waanze na lililo jepesi. Mpira, nyavu na ngoma mbili za kuchezea havifikii bei ya mashine moja nzuri ya kuchomelea. Viandikwe katika orodha ile ile ya vifaa vya kufundishia, na mkaguzi afikapo chuoni kuhesabu randa na misumeno, aulize pia ukumbi hufunguliwa saa ngapi, na ufunguo wake anao nani.