Kompresa Hainunuliwi kwa Hosipawa

Mteja anayeingia duka la mitambo Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, huuliza mambo mawili: hosipawa ngapi, na tangi lita ngapi. Muuzaji naye hujibu hayo hayo mawili, bei inapatana, mzigo unapakiwa. Miezi michache baadaye fundi rangi anasimamisha kazi kila mara akisubiri mshale wa geji upande, mota imechemka hata kiganja hakiwekeki, na lawama zote anabebeshwa Mchina. Mara nyingi Mchina hana kosa. Mashine inafanya kile kile kilichoandikwa kwenye kibati chake, ila kibati hakuna aliyekisoma.

Hosipawa ni hesabu ya nguvu inayoingia. Kinachokaza nati, kupuliza rangi na kutoboa mwamba ni hewa inayotoka, na hewa hiyo ina vipimo viwili visivyotenganishwa: ni kiasi gani kwa dakika, na kwa presha gani. Presha husomwa kwa bar au psi, na bar 1 ni sawa na psi 14.5. Kiasi husomwa kwa lita au mita za ujazo kwa dakika, na kwenye mashine nyingi kwa herufi CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. CFM 1 ni lita 28.3. Anayekuambia kiasi bila kutaja presha hajakuambia kitu, kwa sababu pistoni ile ile hutoa hewa pungufu kila presha inapopanda.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa wa biashara hii. Chukua kompresa ya pistoni ya hosipawa 3 inayotangazwa kuwa ya lita 350 kwa dakika. Namba hiyo mara nyingi ni ujazo wa silinda ukizidishwa kwa mizunguko, kana kwamba pistoni humeza na kutoa hewa yote bila kubakiza. Haiwezekani. Pistoni inapofika juu huacha nafasi ndogo chini ya kichwa cha silinda. Hewa iliyobanwa humo hutanuka pistoni inaposhuka na kukalia nafasi ya hewa mpya. Vali nazo huvuja kidogo, na hewa inayoingia hukutana na vyuma vya moto ikatanuka kabla ya kubanwa. Kwenye bar 7 au 8 kinachotoka huwa kati ya asilimia 60 na 75 ya kile kilichotangazwa. Kwa hiyo lita zako 350 ni 230 hivi. Kipimo cha haki ni cha hewa inayofika kwenye mdomo wa kutokea, ikihesabiwa kwa hali iliyokuwa nayo wakati wa kuingia, na upo utaratibu wa kimataifa wa kukipima, ISO 1217. Muulize muuzaji namba hiyo. Asipoijua, kata theluthi ya aliyokutajia, nawe hutakuwa mbali na ukweli.

Sasa linganisha na kazi. Bunduki ya rangi ya gari huhitaji kati ya lita 250 na 400 kwa dakika. Msasa wa upepo hula lita 300 au zaidi, tena bila kupumzika. Spana ya upepo ya kufungulia nati za gurudumu hula kwa kishindo, kisha hunyamaza. Ndiyo maana kompresa ile ile inayosifiwa na fundi wa matairi hulaaniwa na fundi wa bodi.

“Basi nitanunua tangi kubwa,” atasema mtu. Tangi ni ghala, si shamba. Tangi la lita 200 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 6 limekupa lita 400 za hewa ya kawaida, basi. Msasa wa lita 300 kwa dakika unazimaliza kwa dakika moja na sekunde ishirini. Tangi kubwa linafaa kwa kazi za kushtukiza, nalo huipunguzia mota kuwaka na kuzima ovyo, lakini haliongezi hata lita moja kwa kile ambacho pampu inazalisha. Tena likishaisha, kulijaza upya huchukua muda mrefu zaidi.

Tuje kwenye aina zenyewe. Kompresa ya pistoni ndiyo tunayoijua wengi: silinda moja, mbili au tatu, mkanda, gurudumu lenye mapanga ya kupooza. Ni mashine mvumilivu, fundi wa mtaani anaifungua na kuifunga, na spea zake zipo. Udhaifu wake ni joto. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa mara moja hadi bar 7 ingefikia nyuzi 270 na zaidi kama silinda isingepoozwa kabisa. Dawa yake ni kubana kwa hatua mbili: silinda kubwa inaanza, hewa inapita kwenye bomba lenye mapezi ili ipoe, kisha silinda ndogo inamalizia. Joto hushuka sana, na umeme unapungua pia. Ukiona kichwa cha kompresa chenye silinda mbili zilizo sawa, hiyo ni ya hatua moja. Zikitofautiana unene na kuunganishwa kwa bomba la mapezi, ni ya hatua mbili. Kwa kazi ya bar 10 kwenda juu nunua ya hatua mbili, wala usibishane.

Pistoni pia inahitaji kupumzika. Nyingi zimeundwa kufanya kazi nusu ya muda au zaidi kidogo, na muda uliobaki zipoe. Kiwanda kinachotaka hewa mfululizo kutwa nzima kinahitaji kitu kingine.

Kitu hicho ni kompresa ya skrubu. Wazo lake lilipewa hati ya ubunifu Ujerumani mwaka 1878, lakini karakana za wakati huo hazikuweza kuchonga maumbo yake kwa usahihi. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1930, Alf Lysholm wa Sweden alipoifanya ifanye kazi kweli. Ndani yake mna rota mbili zilizosokotwa, moja ina migongo na nyingine ina mifereji. Zinapozunguka, hewa hunaswa kati yake na kusukumwa kuelekea mwisho, nafasi ikizidi kuwa finyu. Hakuna vali za kupigapiga wala pistoni ya kwenda na kurudi. Katika zile za kawaida oili hunyunyizwa katikati ya rota: inaziba mianya, inalainisha, na zaidi ya yote inabeba joto, hivyo hewa hutoka ikiwa na nyuzi 80 hadi 95 tu. Baada ya hapo oili hutenganishwa na kurudishwa kazini.

Skrubu inaweza kukimbia saa 24. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: skrubu hufa kwa uvivu. Mwenye gereji ndogo akinunua skrubu ya hosipawa 20 kwa kazi ya hosipawa 5, mashine haipati moto wa kutosha kuvukiza unyevu, maji yanajikusanya kwenye oili, oili inageuka nyeupe kama maziwa, na beringi zinakwenda. Aliyenunua kubwa “kwa ajili ya baadaye” amenunua ugonjwa wa sasa. Ikiwa matumizi yenu yanapanda na kushuka, ipo yenye kidhibiti kinachobadilisha mwendo wa mota kulingana na hewa inayotakiwa. Ni ghali, ila inajilipa pale tu ambapo matumizi hayatulii. Kwa mzigo usiobadilika ni pambo.

Aina nyingine nitazipita haraka. Zipo za mapanga yanayoteleza, zipo ndogo za kimya zisizo na oili zinazopendwa na matabibu wa meno, na zipo kubwa za tabo, ambazo gurudumu lake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Hizi za mwisho ni za viwanda vikubwa vinavyohitaji mamia ya mita za ujazo kwa dakika. Hutazikuta dukani.

Kwa makadirio ya haraka, hosipawa 10, yaani kilowati 7.5, huzalisha kama mita 1.1 ya ujazo kwa dakika kwenye bar 7, sawa na CFM 40 hivi. Kila bar unayoiongeza juu ya hapo huongeza umeme kwa asilimia 7 hivi. Mafundi wengi hupandisha swichi ya presha hadi bar 10 “ili iwe na nguvu”, kisha wanafunga kipunguzi kwenye bomba kurudisha bar 6. Wanalipia kupanda mlima na kushuka.

Na hewa inayovuja ni pesa. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye bar 7 hupitisha karibu lita 600 kwa dakika, zaidi ya nusu ya mashine yetu ya hosipawa 10. Kulilisha tundu hilo kunakula kilowati 4 hivi, na kwa siku ya kazi ya saa 10 ni uniti 40 zinazoishia hewani. Zima mitambo yote jioni, acha bomba likiwa na presha, kisha sikiliza.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu vya watengenezaji wa Ulaya huyapa mistari michache, lakini kwetu ni makubwa. La kwanza ni maji. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ikibanwa hadi bar 7 na kupoa tena, inaweza kushikilia chini ya gramu 4; zilizobaki hudondoka. Kompresa inayotoa mita moja kwa dakika ikifanya kazi saa 8 imetengeneza karibu lita 10 za maji, nusu ndoo, ndani ya tangi na mabomba yako. Ndiyo yanayotoa malengelenge kwenye rangi ya gari na kutia kutu spana za upepo. Kwa hiyo tangi litolewe maji kila siku, bomba kuu liwe na mteremko, matoleo yachomoke kwa juu ya bomba wala si kwa chini, na anayepaka rangi awe na kikaushio. Chakula, dawa na hospitali ni habari nyingine: huko hewa hupangwa kwa madaraja ya ISO 8573-1, yanayopima vumbi, maji na oili, na daraja la juu kabisa huandikwa sifuri.

La pili ni mwinuko. Nairobi ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari, Mbeya vivyo hivyo. Hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 18 kuliko ya pwani. Pampu inameza lita zile zile, lakini ndani yake mna hewa haba, na nati haikazwi kwa lita tupu. Mashine iliyotosha kwa karakana ya Tanga haitatosha kwa karakana kama hiyo Mbeya. Kwa injini ya dizeli isiyo na tabo ni hasara mbili, kwa kuwa injini nayo inapungukiwa na pumzi.

Kwenye visima hesabu hubadilika kabisa. Kompresa ya dizeli ya bar 7 na CFM 185 inatosha nyundo mbili za kuvunjia barabara, lakini kwenye miamba migumu ya Dodoma nyundo inashuka pamoja na biti hadi chini ya shimo. Kila mita 10 za maji zilizo juu ya nyundo hurudisha presha ya bar 1. Nyundo ikiwa mita 100 ndani ya maji, bar 10 zimekwisha kabla haijagonga jiwe. Ndiyo sababu mitambo ya visima hubeba kompresa za bar 20 na zaidi, na mkandarasi anayekuja na ya bar 12 akidai atafika mita 150 popote anakuuzia matumaini.

Kabla ya kulipa, soma pia mstari wa umeme. Fezi moja inatosha hadi hosipawa 3 hivi. Juu ya hapo tafuta fezi tatu. Mota iliyotoka Marekani imeundwa kwa hezi 60, na kwenye hezi 50 za kwetu itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, hewa nayo itapungua hivyo hivyo, hata kabla ya kugombana na volti. Oili iwe ya kompresa. Oili ya injini hushika maji, na kwenye vali za moto huacha masizi magumu.

Mwisho, tangi. Geji mbovu hubadilishwa, mota husukwa upya, lakini tangi lililoliwa na kutu kutoka ndani halitoi onyo. Tazama kama lina kibati chake kinachoonyesha presha ya juu inayoruhusiwa na mwaka wa kutengenezwa, vuta kipete cha vali ya usalama uone kama inapumua, na likitumika kazini liitie wakaguzi: Tanzania ni OSHA, Kenya ni idara ya usalama na afya kazini. Tangi lililochomelewa kiraka usilinunue, hata likiuzwa kwa bei ya chuma chakavu.